Mafundi Seremala Wapunjwa kwa Futi na Mita

Ndugu wafanyakazi, wengi wenu mkisikia neno hesabu mnageuza ukurasa. Tunawaomba leo msigeuze. Habari tunayotaka kuwaeleza ni ya mshahara, na makosa yake yalitupata sisi wenyewe tulio viongozi wa chama, tukiwa macho wazi na kalamu mkononi.

Katika shamba moja kubwa la miwa hapa Uganda iko karakana ya useremala. Mafundi wake hawatengenezi vitu vya kuuza. Kazi yao ni kutunza nyumba za kambi wanamokaa wakata miwa na watu wa kiwandani: milango, madirisha, meza za shule ya kambi, na zaidi ya yote dari. Kazi ya dari hailipwi kwa mwezi, hulipwa kwa kipimo. Kwa miaka mingi malipo yalikuwa shilingi 500 kwa kila futi moja ya mraba. Fundi akimaliza chumba cha futi 12 kwa futi 10 alijua kwamba 12 mara 10 ni 120, na 120 mara 500 ni shilingi 60,000, wagawane yeye na msaidizi wake. Hata asiyejua kusoma aliijua hesabu hiyo, kwa kuwa aliizoea kama mtu anavyozoea njia ya kwenda kisimani.

Ndipo akaja meneja mpya. Akasema vitabu vyote vya ofisi viko katika mita, michoro ya nyumba iko katika mita, hata bati na plaiwudi siku hizi huandikwa kwa milimita, basi dari nayo ipimwe kwa mita ya mraba. Hapo hakusema uongo, wala sisi hatuna ugomvi na mita. Akaendelea: mita moja ina futi tatu na robo hivi. Shilingi 500 mara tatu na robo ni shilingi 1,625. "Lakini mimi si mtu mbaya," akasema, "nitawapa 2,000."

Mafundi walipiga makofi. Na sisi tuliokaa upande wao wa meza tukatia sahihi. Siku ile tuliona tumeshinda. Bei ilikuwa 500, sasa ni 2,000, na juu yake bwana mkubwa ametujazia shilingi 375 bila kuombwa! Tulirudi ofisini tukaandika katika taarifa ya mwezi kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri na uhusiano na mwajiri ni mwema.

Mwisho wa mwezi ukafika. Chumba kile kile cha futi 12 kwa futi 10, kikipimwa kwa mita, ni 3.66 kwa 3.05, yaani mita za mraba 11 na kidogo. Mara shilingi 2,000, fundi akapewa kama 22,300. Aliyezoea kupokea 60,000 akatoka dirishani na 22,300.

Kelele zikaanza. Watu wakamvamia karani wa mishahara wakamwita mwizi. Maskini karani alikuwa hana hatia: alipima sawasawa, akazidisha sawasawa, akalipa kama karatasi yetu ilivyosema. Msimamizi akasema mafundi wamekuwa wavivu, wafanye vyumba vingi zaidi ndipo waone fedha. Wengine wakaanza kufanya kazi mpaka usiku kwa taa, na Jumapili pia. Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, alikuja kutuona ofisini. Alituuliza neno moja tu.

"Ndugu katibu, chumba ni kile kile, nyundo ni ile ile. Fedha zimekwenda wapi?"

"Mzee, tupe siku mbili tutazame makaratasi."

Hatukuwa na jibu, na siku mbili zikawa miezi minne. Tunaliandika hili kwa aibu. Sisi tulisoma mpaka darasa la saba, kabla ya 1997, wakati elimu ya msingi ilikuwa bado kwa karo, na somo la urefu mara upana tulilipata. Tulilipata ubaoni, tukafanya mtihani, tukalisahau. Aliyelifumbua fumbo ni mzee mwenyewe, ambaye hakufika hata darasa la nne.

Alichofanya ni hiki. Alichukua mabaki ya plaiwudi akakata vipande vya mraba, kila kimoja futi moja kila upande. Kisha akachora sakafuni kwa chaki mraba mkubwa wa mita moja kila upande, akaanza kupanga vipande vyake ndani. Mstari wa kwanza vikaingia vitatu, wa pili vitatu, wa tatu vitatu. Vipande tisa vizima, na bado pande mbili za mraba zimebaki wazi, ukanda wa inchi tatu na zaidi kila upande. Akachukua vipande vingine, akavipasua, akaziba ule ukanda. Alipomaliza alikuwa ametumia vipande kumi, na cha kumi na moja kimebaki robo mkononi mwake.

Kumi na robo tatu! Mita moja ya mraba si futi tatu na robo za mraba. Ni futi za mraba 10.76. Bei ya shilingi 500 kwa futi ilipaswa kuwa shilingi 5,380 kwa mita, nasi tulikubali 2,000 tukashukuru. Kila fundi alikuwa akilipwa chini ya mbili ya tano ya haki yake, na waliosaini karatasi hiyo ni viongozi aliowachagua yeye mwenyewe.

Kosa lilikuwa wapi? Urefu ni kamba, eneo ni mkeka. Ukitaka kamba iliyo mara tatu ya kamba yako, unahitaji kamba mara tatu. Lakini mwulize mama anayesuka mikeka. Ukimwambia asuke mkeka ulio mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana, hatakubali bei ya mikeka mitatu, kwa sababu anajua majani ya mkindu yatakayokwenda humo ni ya mikeka tisa. Meneja alibadilisha kamba, akasahau kwamba dari ni mkeka.

Wapo wanaosema alifanya kusudi. Wengine wanasema naye hakujua. Kwetu sisi haidhuru. Mtu anayekosea kwa faida yake huwa hana haraka ya kuliona kosa lake, na kazi ya kuliona ni ya yule anayepata hasara.

Ndugu zetu wa mashambani msidhani haya ni ya maseremala peke yao. Wengi wenu mnapalilia kwa kipande, na kipande hupimwa kwa kamba au kwa hatua za mnyapara. Tuseme kipande chako ni mita 20 kwa mita 20, yaani mita za mraba 400. Kamba ikirefuka sehemu moja ya kumi tu, labda imefungwa upya, labda imevutika, kipande kinakuwa mita 22 kwa 22. Utadhani umeongezewa sehemu moja ya kumi ya kazi. La. 22 mara 22 ni 484. Umeongezewa mita za mraba 84, zaidi ya moja ya tano, na jioni unalipwa kipande kile kile kimoja. Kila siku tano unalima bure karibu siku moja, kwa kamba iliyozidi kidogo tu, ambayo kwa macho hata huioni. Basi kamba ya mnyapara ipimwe mbele yenu, na iwe na alama.

Turudi karakana. Jambo la pili lilimpata kijana mmoja, na hilo lilikaribia kumfukuzisha kazi.

Alikuwa akiweka dari ya mbao nyembamba, zile zinazoingiana kwa ulimi na mfereji, katika chumba cha upana wa futi 12. Mbao hizo stoo huandikwa za inchi nne. Karani wa stoo akafanya hesabu yake: futi 12 ni inchi 144, ukigawa kwa nne unapata mbao 36. Kijana alikuwa amechukua mbao 42. Sita zimekwenda wapi? Hakuna aliyemwuliza vizuri. Aliandikiwa barua ya kusimamishwa, na bei ya mbao sita ikakatwa katika mshahara wake. Kambini watu walianza kumtazama kando, na mkewe aliacha kwenda bombani saa ambazo wenzake wapo.

Safari hii hatukungoja miezi minne. Tulikwenda chumbani na ngazi, futikamba na mzee wetu. Tukapanda tukahesabu mbao moja moja. Zilikuwa 41 juu ya dari, na ya 42 tuliionyeshwa nyuma ya karakana, imepasuka penye fundo la mti. Kisha mzee akaweka futikamba juu ya ubao mmoja uliokwisha kupigiliwa. Upana unaoonekana ni inchi tatu na nusu.

Ndiyo siri yote. Ubao unaoitwa wa inchi nne ulikuwa inchi nne ulipotoka kwenye msumeno. Randa imekula kidogo kila upande, na ulimi umeingia ndani ya mfereji wa mwenzake, hauonekani tena. Kinachofunika dari ni inchi tatu na nusu tu. Ukigawa inchi 144 kwa tatu na nusu unapata mbao 41, na inabaki nusu inchi inayofunikwa na ubao wa pembeni. Karani aligawa kwa upana wa jina, wakati dari hufunikwa na upana wa kweli. Kijana hakuiba hata ubanzi mmoja. Alirudishwa kazini na fedha zake zikarudi. Neno la pole hakuambiwa mpaka leo.

Kwa hiyo kila mjumbe wa karakana aliweke hili kichwani: kabla ya kuhesabu mbao zinazoingiana, au zinazolaliana kama za ukutani, pima sehemu ile inayobaki nje. Na daima ongeza za kuharibika. Mbao huja na mafundo, nyufa na ncha zilizopinda, na mwajiri anayetaka hesabu isiyoacha kipande hata kimoja basi na anunue mbao zisizo na kasoro.

Plaiwudi nayo ina mtego wake. Shiti moja ni futi nane kwa nne, futi za mraba 32. Msimamizi alitaka meza za shule za futi tatu kwa tatu. Meza moja ni futi tisa za mraba. Akagawa 32 kwa tisa, akaona shiti moja inatoa meza tatu na masalio, akaagiza hivyo, na fundi aliyetoa mbili akaambiwa anaharibu mali. Tulimpa msimamizi penseli na shiti. Tukamwambia achore mwenyewe hizo meza tatu. Alichora moja, akachora ya pili, akasimama. Upande wa futi nane unaingia mara mbili, upande wa futi nne mara moja. Meza mbili, basi! Futi 14 za mraba zinazobaki ni nyingi kweli, lakini zimekaa kama kanda, ukanda wa futi mbili huku na wa futi moja kule, hazifanyi meza nzima. Zinafaa rafu. Eneo linakuambia ukubwa wa shiti, halikuambii kama kitu chako kitaingia ndani yake. Na kila msumeno unapopita unakula upana wa meno yake, nao haumo katika hesabu ya ofisi.

Kuna mengine madogo yanayouma. Karani mmoja alikuwa akitoa katika malipo lile tundu la kupandia darini, futi mbili kwa mbili, shilingi 2,000, kwa sababu pale hakuna dari. Kweli hakuna dari. Lakini kukata tundu, kulipigia fremu na kuliwekea kifuniko ni kazi ya nusu siku, na fundi alikuwa akikatwa fedha kwa kazi hiyo badala ya kulipwa. Vile vile ile sehemu ya ukuta yenye pembe tatu chini ya paa. Eneo lake ni upana mara kimo, gawa kwa mbili, hapo hatubishi. Ukuta wa mita sita wenye kimo cha mita moja na nusu katikati ni mita za mraba nne na nusu. Lakini kila ubao pale hukatwa mshazari na kila mmoja una urefu wake. Nusu ya eneo si nusu ya kazi. Kazi kama hizo tunataka ziwe na bei yake mbali.

Tunajua wapo wenzetu ndani ya chama wasiofurahi na mambo haya. Wanasema kazi ya chama ni kudai nyongeza, hesabu ni za makarani. Tunawajibu kwa habari ile ile: katika karakana yetu tuliomba nyongeza tukapewa, na nyongeza ile ndiyo iliyotupunguzia. Ungeweza kudai asilimia 10 kila mwaka kwa miaka mingi usifike pale tulipoangushwa kwa mchana mmoja na kosa la futi na mita.

Wengine husema kuna sheria. Sheria ipo, na ni nzuri. Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, Uganda iliukubali 1963. Unataka mfanyakazi aelezwe kwa njia anayoielewa masharti ya mshahara wake kabla ya kuanza kazi na kila yanapobadilika. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 nayo inampa haki ya kupewa maelezo ya mshahara kwa maandishi pamoja na makato yake. Lakini karatasi ile ya shilingi 22,300 ilikuwa safi kabisa. Mita zilikuwa sawa, bei ilikuwa ile iliyosainiwa, jumla haikukosea hata senti. Sheria inakuletea karatasi mkononi. Kuisoma ni juu yako.

Ndiyo maana tumeanza kukutana karakana kila Jumamosi baada ya kazi. Hatufundishi hesabu za kitabuni. Fundi anakuja na chumba chake mwenyewe, anakichora sakafuni, tunakigawa katika mistatili na pembe tatu, tunapima kwa futi, tunapima tena kwa mita, tunaona kama fedha zinalingana. Zisipolingana kuna mtu amekosea na hatutoki mpaka tumjue. Mara nyingi ni sisi. Vijana wana mashine ya hesabu ndani ya simu na wanatushinda kwa mwendo, ila mashine hiyo hukujibu lile ulilouliza tu. Ukiigawia 3.28 pale unapotakiwa kuzidisha kwa 10.76, itakupa jibu la uongo bila haya yoyote. Kuhusu inchi na milimita hakuna la kubishania: tangu 1959 inchi moja imewekwa kuwa milimita 25.4 kamili, na futi moja ni milimita 304.8. Atakayekuletea namba nyingine mwambie arudi akapime.

Na katika mkataba ujao wa pamoja tumeomba mambo machache yaandikwe kwa maneno, si kwa mdomo. Kipimo kitajwe, kama ni futi ya mraba au mita ya mraba. Atakayepima apime mbele ya fundi, na namba zote mbili, urefu na upana, ziandikwe kwenye karatasi ya malipo, si jumla peke yake. Na kipimo kikibadilishwa, bei mpya ijaribiwe kwanza juu ya chumba kimoja cha zamani. Chumba kile kikitoa fedha pungufu, bei hiyo haisainiwi. Hilo la mwisho ndilo lingetuokoa. Lingechukua dakika kumi.

Sasa mtauliza imeishia wapi. Meneja amekubali shilingi 5,400 kwa mita ya mraba tangu mwezi huu. Ya nyuma amekataa. Katika ile miezi minne ziliwekwa dari za vyumba 40 vya ukubwa ule. Kila chumba kilipunguka shilingi 37,700. Jumla ni shilingi 1,508,000, na fedha hizo ni ada za watoto na madeni ya dukani ambayo bado hayajalipwa. Ofisi inasema sisi tulitia sahihi. Ni kweli, tulitia. Tumewaandikia kwamba sahihi yetu ilikuwa ya kubadilisha futi kuwa mita, haikuwa ya kupunguza mshahara, na kwamba hesabu iliyoletwa mezani ilikuwa yao.

Mkutano ni Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Mzee tunakwenda naye. Amesema hatazungumza sana. Vile vipande vyake kumi na moja vya plaiwudi amekwisha kuvitia katika gunia, na kipande cha chaki.